Weka Data Mezani, na Hoja za Wahakiki Pia

Nikipata makala ya kisayansi ambayo jarida lake huchapisha ripoti za wahakiki, yaani wataalamu wanaolipima andiko kabla halijachapishwa, sianzi na makala yenyewe. Naanza na ripoti. Faili hilo kwa kawaida halina mvuto: barua ya mhariri, maoni ya Mhakiki wa Kwanza, wa Pili na pengine wa Tatu, kisha majibu ya waandishi yaliyopachikwa chini ya kila hoja kwa rangi nyingine, halafu duru ya pili ya mambo hayo hayo. Mara nyingi ni refu kuliko makala. Lakini humo ndimo unamoiona sayansi ikifanya kazi. Mhakiki anauliza kwa nini wagonjwa fulani wameachwa nje ya uchambuzi. Waandishi wanajibu kwamba vipimo vyao havikukamilika. Mhakiki harudi nyuma: basi tuonyesheni matokeo wakiwamo na wasipokuwamo. Katika duru inayofuata unakuta jedwali jipya, na sentensi iliyokuwa ikisema "tumethibitisha" sasa inasema "matokeo yanaashiria". Msomaji wa makala peke yake hatajua kamwe kwamba kitenzi hicho kimoja kiligombaniwa kwa miezi.

Kazi yangu ni kuchambua takwimu za tafiti za watu wengine, na kadiri miaka inavyokwenda nazidi kushikilia jambo moja: makala iliyochapishwa ni dai, hata jarida liwe na jina kubwa namna gani. Kinacholipa dai hilo uzito ni uwezo wa mtu wa nje, asiyewajua waandishi, asiyemjua mhariri, asiye na cheo chochote, kuziona data zilizotumika na kuziona hoja zilizotolewa kabla makala haijapitishwa. Siku hizi tukisema "sayansi huria" wengi huelewa makala inayosomwa bure. Kusoma bure ni jema, nami nimefaidi mno. Ila ukiishia hapo umepewa ruhusa ya kusikiliza hukumu bila kusikia ushahidi.

Wapo wanaodhani uhakiki wa faraghani ulizaliwa pamoja na sayansi. Sivyo. Jarida la Philosophical Transactions lilianza London mwaka 1665 mikononi mwa Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, na kwa muda mrefu majarida mengi yaliendeshwa kwa uamuzi wa mhariri mwenyewe, akipenda akimuuliza mwenzake, asipopenda haulizi. Nature lenyewe lilifanya uhakiki wa wataalamu wa nje kuwa utaratibu rasmi mwaka 1973. Kwa hiyo utaratibu tunaoutetea kana kwamba ni urithi wa mababu una umri wa mtu wa makamo, na kilichowekwa na watu juzi kinaweza kurekebishwa na watu leo.

Kuna kisa kimoja ninachowasimulia vijana kila wanapoanza kazi hii. Mwaka 1936 Albert Einstein, pamoja na Nathan Rosen, alipeleka kwenye jarida la Physical Review andiko lililodai kwamba mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga na wakati inayotokana na mwendo wa vitu vizito, hayapo. Mhariri, John Tate, aliona dai hilo ni zito, akalituma kwa mhakiki. Mhakiki akarudisha ripoti ya kurasa kumi yenye kuonyesha hitilafu katika hesabu. Einstein alikasirika. Alimwandikia mhariri kwamba wao walipeleka andiko lichapishwe, hawakumpa ruhusa ya kulionyesha kwa wataalamu kabla halijachapwa, na akaliondoa. Baadaye kidogo mwanafizikia Howard Percy Robertson wa Princeton alikaa na Leopold Infeld, msaidizi mpya wa Einstein, wakaipitia hoja hiyo na hitilafu ikabainika. Einstein akaligeuza hitimisho lake. Andiko likatoka mwaka 1937 katika Journal of the Franklin Institute, likisema kinyume cha lilichosema mwanzo. Ikabidi ifike mwaka 2005 ndipo ijulikane hadharani kwamba mhakiki yule asiye na jina alikuwa Robertson mwenyewe.

Wengi husimulia kisa hiki kumcheka Einstein. Mimi hunihuzunisha kwa sababu nyingine. Ripoti ya kurasa kumi iliyomwokoa mwanasayansi mkubwa kuliko wote wa zama zake na kosa la hadharani ilikaa kwenye makabati karibu miaka 70. Mwanafunzi wa fizikia wa mwaka 1950 angeweza kujifunza humo namna ya kupinga hoja ya mtu mashuhuri kwa heshima na kwa hesabu. Hakupewa nafasi hiyo. Alichopewa ni makala iliyosahihishwa, isiyo na alama ya kidonda.

Sasa linganisha na yaliyotokea baadaye kwa mawimbi yale yale. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani ilinasa mawimbi ya mvutano kwa mara ya kwanza, na tarehe 11 Februari 2016 ugunduzi ukatangazwa. Pamoja na tangazo hilo, LIGO waliweka hadharani data za tukio. Mwaka uliofuata kundi la watafiti wa Taasisi ya Niels Bohr mjini Copenhagen lilizipakua, likazichambua upya na kuibua shaka: katika masalia ya kelele ya mitambo hiyo miwili, yaani kinachobaki ishara ikishaondolewa, waliona uhusiano ambao haukupaswa kuwapo. Suala hilo lilizua mjadala mkali. Wengine wasiohusika na LIGO nao wakachukua data zile zile, wakaandika programu zao wenyewe, na ishara ikaonekana pale pale iliposemwa kuwa ipo. Ugunduzi huo ulitoka katika mjadala ukiwa na nguvu zaidi kuliko ulivyoingia. Nautaja kwa makusudi kwa sababu kila anapozungumzia uwazi wa data, mtu huanza na matapeli. Uwazi hauwindi matapeli tu. Ndio unaompa mtafiti mwaminifu njia ya kushinda mabishano bila kusema "niaminini".

Matapeli nao wapo, na gharama yao tumeiona. Tarehe 22 Mei 2020, dunia ikihangaika na UVIKO-19, jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti uliosema umetumia rekodi za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 katika mabara sita. Hitimisho lake: haidroksiklorokwini haiwasaidii wagonjwa hawa, tena inahusishwa na vifo zaidi. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza kusimamisha kwa muda sehemu iliyohusu dawa hiyo katika Solidarity, majaribio yake ya tiba za UVIKO-19. Rekodi zote zilisemwa kutoka kampuni moja ya Marekani, Surgisphere. Wahakiki walisoma andiko na majedwali yake; rekodi zenyewe hazikuwa mbele yao.

Walioshtuka walianza na hesabu za kawaida kabisa. Makala ilihesabu vifo 73 nchini Australia hadi tarehe 21 Aprili, ilhali takwimu za nchi nzima siku hiyo zilikuwa vifo 67. Kwa Afrika, namba za makala zilimaanisha kwamba karibu robo ya wagonjwa wote waliojulikana barani na asilimia 40 ya vifo vyote vilitokea katika hospitali zilizounganishwa na mfumo wa kampuni hii, hospitali zenye rekodi za kielektroniki za kina kiasi cha kutaja hata mapigo ya moyo ya mgonjwa. Barua ya wazi ikaandikwa, wanasayansi zaidi ya 100 wakaitia saini, wakitaka data zionekane. Wakaguzi huru walipopatikana, kampuni ilikataa kuwakabidhi. Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa, na siku hiyo hiyo New England Journal of Medicine nalo likaondoa makala nyingine iliyojengwa juu ya data za kampuni hiyo.

Siku moja baadaye, jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililofanywa kwa wagonjwa halisi waliogawanywa kwa bahati nasibu, lilitangaza kwamba dawa ile haikuwa na faida kwa waliolazwa. Sehemu ya hitimisho la Surgisphere, basi, ilikuja kuwa kweli. Hili nalitafakari sana. Dai linaweza kuangukia ukweli na bado likawa halina thamani yoyote, kwa kuwa hakuna aliyeweza kujua limetoka wapi. Mapema, kabla ya RECOVERY, daktari aliyekuwa na mgonjwa mbele yake hakuwa na njia ya kutofautisha kauli ya kweli na kauli ya kubahatisha. Baada ya mkasa huo The Lancet lilibadili masharti yake, likataka zaidi ya mwandishi mmoja athibitishe kwamba amezifikia data na kuzihakiki. Ni hatua nzuri. Kwangu haitoshi, kwa sababu bado tunaambiwa tuwaamini waandishi wawili badala ya mmoja.

Hapa ndipo ninapofika kwenye sentensi inayonikera kuliko zote katika makala za kisayansi: "Data zinapatikana kwa kuombwa kwa mwandishi." Imeandikwa kwa adabu na inaonekana kama ahadi. Watafiti waliamua kuipima. Walichukua makala ambazo waandishi wake walisema wako tayari kugawa data wakiombwa, wakawaandikia wote. Makala zilikuwa 1,792. Waliotoa data kweli walikuwa 122, chini ya asilimia 7. Wengine walikataa, na wengi zaidi hawakujibu kabisa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022. Mwaka 2006 wanasaikolojia walikuwa wamefanya jambo kama hilo katika fani yao wakapata asilimia 73 hawakutoa. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2014, wa makala 516 za baiolojia, ulionyesha kwamba kadiri makala inavyozeeka ndivyo uwezekano wa data zake kupatikana unavyoporomoka: anwani za barua pepe zinakufa, kompyuta zinaharibika, mwanafunzi aliyekusanya data amehama na hajulikani alipo.

Sisemi watu hawa wote wanaficha kitu. Wengi wamechoka, na kuandaa data za miaka mitano iliyopita kwa ajili ya mgeni aliyetuma barua pepe usiku ni mzigo. Ndiyo maana nasema isiwe hisani. Data ziwekwe kwenye hazina ya data ya mtandaoni siku makala inapopelekwa, wakati kila kitu bado kiko kichwani mwa aliyekifanya.

Kuomba nako huzaa matunda pale aliyeombwa anapokubali. Mwaka 2010 wachumi wawili wa Harvard, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa hudumaa kiuchumi. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliinukuu kila walipotaka kubana matumizi ya serikali. Mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipewa zoezi darasani la kurudia matokeo ya makala mashuhuri. Hesabu zake hazikufika walikofika wao. Kuuliza si ujinga: akawaandikia, nao wakamtumia lahajedwali lao.

Humo kulikuwa na seli moja yenye fomula ya wastani. Nchi zilikuwa 20, zimepangwa kutoka mstari wa 30 hadi wa 49. Fomula ilikomea mstari wa 44. Denmark, Kanada, Ubelgiji, Austria na Australia ziliachwa nje bila mtu kukusudia. Kosa hilo ndilo lililopata umaarufu, ingawa lenyewe lilibadilisha jibu kidogo tu. Zito zaidi lilikuwa jinsi nchi zilivyopewa uzito: mwaka mmoja wa New Zealand, 1951, ulihesabiwa sawasawa na miaka 19 ya Uingereza. Herndon na walimu wake walipofanya hesabu kwa namna nyingine mwaka 2013, ukuaji wa nchi zenye madeni makubwa ulitoka hasi asilimia 0.1 ukawa chanya asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula na wakaendelea kutetea namna yao ya kutoa uzito. Sawa kabisa, mjadala wa uzito ni mjadala halali. Ila tazama ulivyochelewa. Kwa miaka mitatu seli ile ilikaa kwenye kompyuta za watu wawili huku bajeti za nchi zikijadiliwa kwa kuinukuu. Hakuna mhakiki duniani, awe makini namna gani, ambaye angeiona kwa kusoma aya za makala.

Kosa la namna hiyo si la wachumi peke yao. Programu ya Excel ikikutana na jina la jeni kama MARCH1 au SEPT2 hudhani ni tarehe na kuligeuza kimyakimya. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza mafaili ya nyongeza ya makala za jenomiki walikuta takriban moja kati ya kila makala tano zenye orodha za jeni katika Excel ina hitilafu hiyo. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadilisha majina yenyewe: MARCH1 sasa ni MARCHF1, na SEPT2 ni SEPTIN2. Uchunguzi huo uliwezekana kwa sababu moja tu, mafaili yalikuwa hadharani.

Nikisema data ziwekwe hadharani, simaanishi kutupa faili mahali na kutangaza kwamba umegawa. Wale tunaopokea data za wengine tunayajua mateso hayo. Unafungua lahajedwali unakuta safu wima zinaitwa v1, v2, v3 na nyingine "matokeo_mpya_mwisho2". Umri wa mtu ni 999. Baada ya kuhangaika unatambua kwamba 999 ni "hakujibu", isipokuwa kwenye safu ya uzito, ambako "hakujibu" ni sifuri. Seli kadhaa zimepakwa rangi ya njano, na rangi hiyo ina maana ambayo haikuandikwa popote. Nimeshika data ambazo aliyezikusanya mwenyewe, alipoulizwa, hakukumbuka njano ilikuwa ya nini. Hapo hata nia njema haisaidii. Utafiti umekwisha kupotea ingawa faili lipo.

Mwaka 2016 kundi la wataalamu lilitoa kanuni zinazojulikana kwa kifupi kama FAIR: data zipatikane kwa utafutaji, zifikike, ziweze kuunganishwa na nyingine, na ziweze kutumiwa tena. Maneno mazuri, na yanarudiwa kwenye kila mkutano. Kwa vitendo, ninachotaka kukuta ni kitu cha kawaida sana: faili la maandishi matupu linaloeleza kila safu ni nini, imepimwa kwa kipimo gani, na thamani isiyokuwapo imeandikwaje. Data zenyewe ziwe katika umbizo ambalo halihitaji programu ya kununua, CSV inatosha. Msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yaliyotumika kuzichambua, uwe kando yake, ukiwa na mpangilio wa kuendeshwa. Leseni itamke wazi mtu anaruhusiwa kufanya nini. Na kuwe na kitambulisho cha kudumu cha DOI ili mtu akizitumia azitaje kama anavyotaja makala. Zenodo, hazina inayoendeshwa na CERN tangu 2013, inatoa yote haya bila malipo. Kinacholipwa ni muda wa mtu wa kuandika faili lile la maelezo, na muda huo taasisi nyingi haziuhesabu kama kazi. Anayepandishwa cheo ni mwenye makala nyingi. Sijaona barua ya kupandishwa cheo ikitaja maelezo ya safu wima yaliyoandikwa vizuri, na natamani kuiona.

Turudi kwa wahakiki, kwa sababu hapa ndipo watu wa kambi moja hugawanyika. Uwazi wa uhakiki una sura mbili ambazo huchanganywa: kuchapisha ripoti, na kutaja jina la aliyeandika. BMJ lilianza mwaka 1999 kuwataka wahakiki wajulikane kwa waandishi, na tangu 2014 linachapisha historia yote ya andiko. Atmospheric Chemistry and Physics lilichukua njia nyingine tangu 2001: andiko huwekwa hadharani likiwa bado linahakikiwa, na mhakiki anachagua kutaja jina au kutolitaja. EMBO Journal lilianza kuchapisha mafaili ya uhakiki mwaka 2009.

Mimi niko upande huu: ripoti zote zichapishwe, majina yabaki hiari. Mtafiti kijana anayekosoa andiko la bingwa wa fani yake kesho atamhitaji bingwa huyo kwenye kamati ya ufadhili. Tukimlazimisha atie saini, ama atakataa kuhakiki ama atalainisha maneno, na katika hali zote mbili anayepoteza ni msomaji. Ushahidi uliopo unaelekea huko huko. Uchambuzi wa majarida matano yaliyojaribu kuchapisha ripoti, uliotoka mwaka 2019, ulionyesha kwamba kuchapisha hakukuwafanya wahakiki wakimbie wala hakukuharibu mapendekezo yao, lakini waliokubali majina yao yatajwe walikuwa asilimia 8.1 tu. Watu wako tayari hoja zao zisomwe. Majina ni jambo lingine, na tuwasikilize.

Faida ninayoithamini zaidi katika ripoti zilizochapishwa haitajwi sana. Ni shule. Uhakiki ni kazi ambayo karibu hakuna anayefundishwa. Unapata barua pepe ya mhariri, unakubali kwa sababu umejisikia kuheshimiwa, kisha unakaa mbele ya andiko bila kujua ripoti nzuri inafananaje, kwa kuwa hujawahi kuona nyingine isipokuwa zile zilizokukataa. Wenye bahati wana msimamizi anayewaonyesha. Asiye na msimamizi wa aina hiyo sasa anaweza kufungua ripoti za majarida kama Nature Communications au eLife na kuona jinsi mtu anavyouliza swali la udhibiti wa jaribio bila kumdhalilisha mwandishi, na jinsi mwandishi anavyokubali kushindwa kwenye hoja ya nne huku akisimama imara kwenye ya tano. Nimeona wanafunzi wakibadilika kwa kusoma ripoti hizo kuliko walivyobadilika kwa mihadhara ya mbinu za utafiti.

eLife limekwenda mbali zaidi. Tangu 2023, andiko likishapelekwa kwa wahakiki halikubaliwi wala halikataliwi. Linachapishwa pamoja na ripoti na tathmini fupi inayotumia maneno yaliyopangwa, ili ujue wahariri wanauona ushahidi wake kuwa imara, wenye mapengo au usiotosha. Kwa hiyo unaweza kukutana na makala ambayo jarida lenyewe limeandika juu yake kwamba ushahidi haujakamilika. Wengi lilipotangazwa hilo waliona ni wazimu. Mimi naona ni uaminifu, kwa sababu makala zenye ushahidi usiokamilika zimejaa katika majarida yote, tofauti ni kwamba hapa umeambiwa. Mwishoni mwa 2024 Web of Science, hifadhidata inayoorodhesha majarida, iliamua kutoliorodhesha tena kikamilifu, na jarida likapoteza kigezo chake cha athari, ile namba ambayo vyuo vingi huitumia kupima watu. Waliopata hasara ni watafiti wanaopimwa kwa namba hiyo bila wao kuichagua. Hilo linaumiza, na linaeleza kwa nini mabadiliko haya hayawezi kuachiwa majarida peke yake.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu, maana limeandikwa sana. Nature lilipotangaza mwaka 2020 kwamba mwandishi anaweza kufanya makala yake isomwe bure kwa euro 9,500, lilihamisha ukuta wa malipo kutoka kwa msomaji likauweka mbele ya mwandishi. Majarida yasiyomtoza yeyote yapo, SciELO, maktaba ya mtandaoni ya majarida iliyoanzia Brazili, imekuwa ikithibitisha hilo tangu miaka ya 1990, na ndiko ningependa fedha za umma ziende.

Kuna data ambazo hazipaswi kuanikwa, na anayedai kila kitu kiwe hadharani hajawahi kushika rekodi za wagonjwa. Katika miaka ya 1990 Latanya Sweeney alichukua rekodi za hospitali za Massachusetts zilizoondolewa majina, akazilinganisha na orodha ya wapiga kura, akaipata rekodi ya gavana wa jimbo. Baadaye alikadiria kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wanaweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Kufuta jina hakutoshi. Zipo pia data za jamii ambazo si za mtafiti kuzigawa. Mwaka 2019 watetezi wa haki za watu wa asili walitoa kanuni za CARE wakisisitiza kwamba jamii iwe na mamlaka juu ya data zake na ifaidike nazo. Ninachopinga ni kutumia faragha kama pazia la uvivu. Data zikiwa nyeti, eleza zimehifadhiwa wapi, kamati gani inatoa kibali, kwa masharti yapi na ndani ya muda gani. Toa msimbo wote. Toa data za mfano zenye muundo ule ule ili msimbo ujaribiwe. Kauli ya "wasiliana na mwandishi" haimlindi mgonjwa yeyote.

Mwezi Juni 2025 Nature lilitangaza kwamba makala zote mpya za utafiti zitakazopelekwa kwake na kuchapishwa zitaambatana na ripoti za wahakiki na majibu ya waandishi, bila mwandishi kuombwa achague. Nilifurahi sana. Bado, ripoti zinazochapishwa ni za maandiko yaliyokubaliwa. Andiko linalokataliwa na jarida moja huenda kwa lingine likiwa safi, kana kwamba halijawahi kusomwa, na wahakiki wapya wanaanza kutafuta hitilafu ambayo wenzao waliikuta miezi sita nyuma. Nimewahi kuletewa nihakiki andiko nililokwisha kulihakiki kwa jarida jingine, na kasoro niliyoieleza kwa kirefu mara ya kwanza ilikuwa mahali pake, haijaguswa. Kama mhariri wa pili angemtafuta mtu mwingine, huenda ingepita. Review Commons, huduma ya uhakiki iliyoanzishwa mwaka 2019 na mashirika ya EMBO na ASAPbio, inajaribu kutibu hilo: andiko linahakikiwa kabla ya kupelekwa jarida lolote, na ripoti zinasafiri nalo popote liendapo. Bado majarida yanayopokea ripoti hizo ni machache ukilinganisha na yaliyopo.

Kwa hiyo nikiombwa kuhakiki siku hizi, kabla ya kukubali namwuliza mhariri data na msimbo viko wapi, kama ripoti yangu itachapishwa, na ripoti hiyo itakwenda wapi andiko likikataliwa. Jibu la swali la kwanza likiwa "kwa kuombwa", naziomba hapo hapo kupitia kwake, na nasubiri hadi zifike ndipo nianze kusoma.